Jiwe Nyuma ya Tairi

Fundi wetu wa pikapu amekufa, na mimi hasira haijanitoka. Nalisema hilo mapema kwa sababu wasomaji wa safu hii mmenizoea nikiwa mtu wa maneno ya taratibu, wa habari za mvua, mbolea na harusi za watu, na sitaki mtu afike katikati ya ukurasa ndipo ashtuke. Habari ilinifikia asubuhi nikiwa mezani na chai yangu, kwa simu ya jirani yake, mwenye duka la spea mkabala na gereji. Hata salamu hakutoa. "Kaka, fundi kalaliwa na gari." Nikamuuliza gari gani, akasema, "Si ile pikapu ya kabichi." Nikamuuliza wamempeleka hospitali gani. Akasema, "Hospitali ya nini tena, kaka." Halafu akasema neno ambalo tangu siku ile nimelisikia mpaka masikio yananiwasha: "Ndiyo mapenzi ya Mungu, kaka. Tutafanyaje?" Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mtu simu kwenye habari ya msiba, na radhi sijamwomba mpaka leo.

Kwa ambao hamkumfahamu, gereji yake ilikuwa kando ya barabara, ukiuacha mji wa Lushoto na kushika njia ya Kwai, pale barabara inapoanza kupanda kwa nguvu. Gereji ni neno la heshima tu. Palikuwa na paa la mabati, mashine ya kuchomelea, rundo la vyuma na mtelemko. Watu wa tambarare mtaniuliza, hivi mtu mwenye akili anafunguaje gereji mtelemkoni? Jamani, aifungue wapi? Huku kwetu kila kipande cha ardhi kilicho sawa kimeshawahiwa na kanisa, msikiti, shule au uwanja wa mpira. Mwenyewe alikuwa mtu wa mwili na sauti, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya usharika, mbishi kupindukia, na unyenyekevu hakuujua hata kwa kuuona njiani. "Hakuna pikapu iliyozeeka," alikuwa akisema, "kuna pikapu ambayo haijaniona mimi." Vijana wenye magari waliokuja na haraka zao aliwasimamisha kwanza: "Shikamoo iko wapi? Shikamoo kwanza, gari baadaye." Nimemwona mfanyabiashara mwenye tumbo lake na simu mbili mkononi akirudi nyuma hatua kadhaa, akamwamkia upya, ndipo boneti ikafunguliwa. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, jibu lilikuwa "jioni", na ya siku gani hilo lilikuwa juu yako. Nilimpenda, nakiri. Tulikuwa watu wa kutaniana barabarani zaidi ya kutembeleana, lakini nilimpenda.

Kazi iliyompa jina toka Soni mpaka Rangwi ilikuwa kubadilisha matangi ya mafuta na ekseli za nyuma kwenye pikapu kuukuu. Nieleze kidogo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichomuua. Pikapu hizi zilitengenezwa kubeba mzigo wa kawaida wa mkulima wa kawaida, mifuko ya saruji, mbuzi, kitanda cha bi harusi. Sisi tunazipakia kabichi mpaka bodi inapotea, juu yake magunia ya karoti, juu ya karoti watu wawili, kisha tunaziambia zishuke na kona zote zile mpaka Mombo kwenye barabara kuu. Ekseli ya kiwandani inavumilia siku chache, halafu inavunjika. Basi mwenye gari anakwenda kwenye skrepa kutafuta ekseli ya gari kubwa zaidi, nene, yenye difu la kushiba, lile bonge la gia lililo katikati yake, anamletea fundi. Fundi anakata vikalio vya springi, anavichomelea upya kwa kipimo kingine, anaipandisha ekseli ngeni chini ya gari dogo, na kesho yake pikapu inabeba mzigo wa lori. Mara nyingine difu lile kubwa linakaribia mno tangi la mafuta, gari likiruka shimo vinagongana, kwa hiyo na tangi nalo linatolewa, linawekwa la gari jingine au linasogezwa. Ndiyo maana ukichungulia chini ya pikapu za huku utakuta kila kipande kina kwao.

Na mimi nilipita mikononi mwake. Pikapu yangu, ambayo ni kuukuu kuliko ndoa yangu, tangi lake lilioza kwa kutu likaanza kudondosha dizeli uani, mama watoto akasema ama gari ama yeye. Fundi akaniwekea tangi la gari la aina nyingine kabisa, likakaa vizuri, halivuji, halichezi. Kasoro ilikuwa moja: geji ilisoma kinyume. Nikijaza mafuta mshale unalala chini kabisa, mafuta yakiisha unasimama juu kwa furaha. Sikuambiwa. Niliondoka zangu kwenda Mombo nikiangalia mshale unavyopanda, nikajisemea kwamba leo dizeli imebarikiwa, na gari likanizimikia kwenye kona juu ya Soni, nyuma yangu lori la mbao likipiga honi. Nilimpigia simu nikiwa nimefura. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwandishi mzima! Unaisoma serikali kinyume kila wiki kwenye gazeti, geji ndiyo ikushinde?" Akaahidi kubadilisha floti, kile kiboya cha ndani ya tangi kinachosukuma mshale, nikirudi. Nikarudi, akasema jioni, nikaenda na shughuli zangu, na mpaka leo ninavyoandika naisoma geji ile kichwa chini. Mke wangu anaisoma hivyo. Hata mtu akiniazima gari namwambia tu, ikiwa juu maana yake imeisha, naye anaitikia kana kwamba nimemwonyesha kitasa cha mlango. Mwaka jana nilikisimulia kisa hiki harusini watu wakacheka sana. Sasa hivi hakinichekeshi.

Maana hadithi ya ekseli ni hiyohiyo, ila yake ina damu. Ekseli ya gari kubwa ina ngoma kubwa za breki, na waya wa hendibreki wa ile ndogo iliyotolewa haufiki, au unafika na vichwa vyake havishikani na vya huko. Dawa yake ipo na si uchawi. Kuna watu Mombo wanaunga waya mpya kwa kipimo, unaagizwa leo, kesho unapanda na gari lolote linalokuja juu, unafungwa, basi. Siku moja tu ya kungoja. Lakini mnajua nyie wenyewe tabia yetu. Sisi kabichi hatuzikati gari likiwa limefika. Tunazikata kwanza, tunazipanga kando ya njia, halafu ndipo tunaanza kutafuta gari. Kwa hiyo kila mwenye pikapu anayefika kwa fundi ana simu sikioni, na upande wa pili kuna mama anayelia kwamba kabichi zimeshakatwa, jua linawaka, mnunuzi yuko Mombo ananuna. Na fundi anasema, "Waya wa hendibreki bado." Na mwenye gari anasema, "Fundi, nitarudi. Jiwe lipo." Jiwe lipo! Hayo ndiyo maneno. Utingo anabeba jiwe lake kwenye bodi, gari likisimama anaruka na kulitia nyuma ya tairi, safari inaendelea. Hakuna aliyewahi kurudi kwa ajili ya waya.

Fundi alijua hatari yake, nalisema hili bila kumung'unya. Nilikuwepo siku alipogoma. Mwenye pikapu mmoja wa Kwai alikuwa amefungiwa ekseli, anataka kuondoka, na fundi akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwa ovaroli. "Leo hutoki. Waya unakuja kesho." Yule bwana akampigia mwenye kabichi, mwenye kabichi akaja mwenyewe kwa bodaboda pamoja na dada yake, na wale wanawake wakamshukia fundi kwa Kishambaa mpaka watu wakatoka madukani. Kwamba ana roho mbaya. Kwamba anajifanya askari. Kwamba baba yake alikuwa mtu mwema, sijui yeye alitokea wapi. Jirani wa spea naye akatia lake: "Fundi, mpe mtu gari lake bwana, hendibreki ni ya kupaki tu, si ya kutembelea." Fundi alisimama pale na mwili wake wote ule, akaangalia watu, akatoa ufunguo na kuurusha juu ya kiti cha dereva. Baadaye akaniambia, akifuta mikono, "Ukiwa fundi wa watu wenye haraka, mwishowe na wewe unakuwa na haraka." Tangu siku ile sikumwona akigoma tena. Akawa anazifunga ekseli moja baada ya nyingine, na waya anauviringa anauning'iniza chini kwa kipande cha mpira, kwamba mwenyewe atarudi. Mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye mke na mtoto, anayechukua mizigo ya Rangwi na Kwai kuishusha Mombo, naye alifungiwa hivyohivyo na baba yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni alivyokufa. Pikapu ile ya kabichi aliifunga ekseli zamani kidogo, waya ukaachwa unaning'inia. Ikarudi, si kwa ajili ya waya, maana waya nani anaukumbuka, ila tangi lilikuwa limeanza kusuguliwa na difu na mafuta yananuka. Mwenye gari aliipaki pua juu, kama kawaida, utingo akatia jiwe nyuma ya tairi, wakaenda kunywa chai. Fundi akaingia chini. Ili tangi kubwa lipate njia ya kushuka ilibidi afungue propela shafti. Na hapa hata asiyejua gari atanielewa: lile ndilo bomba linaloyaunganisha magurudumu ya nyuma na injini. Likiwa limefungwa, gari ulilolitia gia halisogei hata likiwa limezima. Likifunguliwa tu, gia haina habari tena na magurudumu. Kinachobaki kulishika gari mtelemkoni ni hendibreki. Hendibreki haikuwepo. Kilichobaki ni jiwe, na usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Jirani wa spea anasema alisikia nati ya mwisho ikidondoka kwenye karai, kisha akaona gari linarudi nyuma pole pole, hata halikuwa na haraka, na jiwe limezama nusu kwenye tope. Alipiga kelele. Fundi hakuwahi kutoka.

Mtaniambia alikuwa mzembe. Ndiyo, alikuwa mzembe! Kazi yake ilikuwa chuma na aliujua uzito wa chuma. Nilipoambiwa alivyofanya, kitu cha kwanza nilichotaka ni kumshika mabega nimtikise: wewe mtu, wewe uliyewafundisha wakubwa kuamkia, ulishindwaje kutia hata magogo mawili? Nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia mwenye pikapu, nimewakasirikia wale akina mama wa kabichi, na mtu akiniletea yale mapenzi ya Mungu namkasirikia zaidi ya wote. Mungu hakuwa na haraka ya kufika Mombo.

Msibani, mjane aliniita chumba cha ndani. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, kitenge begani, macho makavu. "Shemeji," akasema, "wasifu wa kusomwa makaburini utaandika wewe. Wewe ndiye unayeandika." Nikasema sawa shemeji, niambie mnachotaka kiwemo. Baba mdogo wa marehemu, mzee anayeheshimika sana hapa kwetu, akaitwa naye akaketi. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kunipa mambo ya kuandika: kuzaliwa, kipaimara, ndoa, kwaya, watoto. Mwisho akasema, "Na uandike, amefariki ghafla akiwa kazini, kwa mapenzi ya Mungu." Mjane akasema, "Hapana."

Yule mzee akamgeukia taratibu. "Hapana nini, mama?"

"Andika alivyokufa," mjane aliniambia mimi, wala hakumwangalia mzee. "Andika kwamba hendibreki haikufungwa. Na aliyeiacha bila kuifunga ni yeye mwenyewe. Andika hivyo."

"Mama, marehemu hasemwi hivyo," mzee akasema, na sauti ilikuwa ya huzuni, si ya ukali. "Tumzike kwanza kwa heshima yake. Unataka watu waondoke kaburini wakisema alijiua kwa uzembe? Na mwenye gari ni mtu wetu, kajitolea pikapu ya kubebea jeneza. Tumwaibishe?"

Hapo nilidhani sikusikia vizuri. Pikapu ipi, mzee? Ile ile, akasema. Tangi lilikuwa limesharudishwa na fundi mwingine, gari linatembea. Wallahi nilisimama nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Nilipoingia mjane alikuwa bado anaongea, na ndipo alipolisema lile lililokuwa linamkaba. "Baba, mwanangu anaendesha moja ya hizo. Kila siku anapita kona zile na mzigo. Akipata pancha mlimani atalala chini yake kama baba yake. Nimemwambia akafunge, ananiambia nitafunga mama, wiki hii mizigo ni mingi. Mimi siwezi kumpiga, ni mtu mzima. Nataka aisikie mbele ya watu, baba yake akiwa pale." Yule mzee akanisogezea karatasi. Kisha akaniambia, "Andika anachosema mwenye msiba." Nikaandika.

Siku ya maziko watu walijaa. Kaburi lilikuwa ubavuni mwa kilima, juu ya mashamba ya mahindi, na magari yaliyoleta watu yakapangwa kwenye njia ya chini, nyingi pikapu, nyingi kazi ya mikono ya marehemu. Nilipita kando ya magari hayo nikiwa na karatasi mfukoni. Nyuma ya kila tairi palikuwa na jiwe, au kipande cha tofali, au gogo. Ile iliyombeba ilikuwa ya mbele kabisa, imeoshwa, imefungwa kitambaa cheupe kwenye kioo, na utingo wake alikuwa ameinama akilikaza jiwe kwa kisigino. Walioniona walifikiri naangalia chini kwa sababu ya majonzi.

Nikasoma. Kuzaliwa, kipaimara, ndoa, kwaya. Nilipofika mwisho nikapandisha sauti. Nilisoma kwamba marehemu alikufa chini ya pikapu aliyoifunga ekseli yeye mwenyewe na kuiacha bila hendibreki. Kwamba alijua, na mwenye gari alijua. Kwamba pikapu alizoziacha hivyo ni nyingi na baadhi zimepaki hapo chini. Na kwamba mke wake anawaomba wenye nazo wazifunge kabla hazijatembea tena, na wa kwanza awe mwanawe. Mtoto wa marehemu aliangalia viatu vyake. Mchungaji akafungua kitabu chake, na katika mahubiri hakugusa jambo lile hata kidogo. Nilikuwa namsubiri aliguse.

Tulipomaliza kuweka maua, mwenye pikapu alinifuata. Alikuwa amevimba macho. "Mwandishi, umenichoma mbele za watu." Nikamwambia umechomwa wewe, mwenzio amefukiwa. Akasema, "Nilimuuliza asubuhi ile, fundi nikutafutie magogo? Akaniambia jiwe linatosha." Namwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba namwamini. Basi baada ya hapo watu wakashuka njiani, mautingo wakayatoa mawe wakayarusha kwenye bodi, injini zikawaka, pikapu zikaondoka moja baada ya nyingine, kila mtu na safari yake. Mzee mmoja tu wa Rangwi aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini huyo anayeunga waya Mombo yuko upande gani wa stendi. Mmoja! Katika umati ule! Na kwa wiki nzima nikawa nasemwa mjini kwamba nimemvunjia marehemu heshima, kwamba watu wa magazeti hatuna staha. Staha ya kwetu ni hiyo, kumfunika mtu kitambaa cheupe na kupakia kabichi kesho yake.

Nilirudi kumjulia hali mjane baada ya matanga kuanuliwa. Nilimkuta jikoni, na uani palikuwa na sufuria ya uji, mwanawe amekaa kwenye kigoda anakunywa haraka haraka. Pikapu yake ilikuwa njiani nje ya nyumba, pua juu, imejaa kabichi za mama mmoja wa Kwai, na jiwe lake nyuma ya tairi. Nilimuuliza, "Vipi, ulikwenda Mombo?" Akajua namuuliza nini. "Shikamoo baba. Bado, ila wiki hii lazima." Mama yake alisikia. Akafuta mikono kwenye khanga, akatoka nje, mimi nikadhani anakwenda bombani.

Kijana alimaliza uji, akaaga, akaingia kwenye gari akawasha. Utingo akazunguka nyuma kutoa jiwe, na nikamsikia anapiga yowe. Tulikimbia. Mjane alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, mgongo ameuegemeza kwenye tairi la nyuma, miguu ameinyosha kuelekea mtelemkoni, mikono mapajani, kama mtu anayeota jua. Jiwe alikuwa amelivuta mwenyewe likalala pembeni. Mwanawe alikuwa amekanyaga breki kwa mguu, kichwa ametoa dirishani, hawezi kushuka, kwa sababu gia ameshaitoa ili awashe, na akiinua mguu hakuna kingine kinachoshika.

"Mama! Mama toka hapo!"

"Shuka uniondoe," mama akasema.

"Siwezi kushuka! Mama, gari litarudi nyuma! Litakukanyaga!"

"Kumbe unajua," mama yake akasema.

Yule kijana alilia. Mtu mzima, dereva wa kona za Soni, alilia mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mguu juu ya breki. Utingo alilirudisha jiwe, mimi nikatia na tofali, ndipo mama akakubali kuinuka, na hata hapo alisubiri mwanawe azime gari na kutupa ufunguo chini. Simu ya kijana ilikuwa inaita wakati wote huo, na alipoipokea sote tulimsikia mwenye mzigo akipiga kelele kwamba mnunuzi ameshafika Mombo. Kijana akamjibu huyo wa kwenye simu, "Mama, leo sishuki." Akakata. Wakapakua. Kabichi zililala uani kwa mjane, nyingine zikanyauka, nyingine zikaliwa na ng'ombe wa majirani, na yule mama wa Kwai hajampa kijana mzigo tena mpaka sasa, anampa mwingine, mwenye jiwe. Waya ulikuja kesho yake na gari la abiria, umeviringwa kwenye gazeti. Fundi mwingine aliufunga kabla chai haijapoa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, jamani. Ndiyo hiyo tu iliyotushinda miaka yote.

Nimelitafakari lile neno la yule mama, na ndilo linaloniwekea hasira hii kifuani. Kumbe unajua. Ningeweza kuwasamehe watu wasiojua. Lakini kila utingo anayechagua jiwe zuri anajua, kila dereva anayepaki na gia anajua, na fundi aliuning'iniza waya kwa mpira badala ya kuutupa kwa sababu alijua. Tumekubaliana tu, bila kikao, kwamba kitu kikiwa kibovu kwa muda wa kutosha kinaacha kuwa kibovu, kinakuwa desturi. Leo ni gari. Ukiangalia vizuri utaona na daraja, na paa la darasa, na waya wa umeme uliolala juu ya mti wa jirani. Tunavipita, tunavizoea, na siku vikiua tunamtwika Mungu.

Siku hizi mjane anaamka mapema kuliko mwanawe. Gari likiwa halina kitu bado, kijana anavuta hendibreki na kutia gia huru, jiwe hakuna, naye mama anazunguka mbele, anaweka mabega yake yote mawili kwenye boneti, anakaza miguu na kusukuma kuelekea mtelemkoni mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Likisogea hata kidogo, safari hakuna. Likikataa, anajipangusa vumbi na kumwambia aende. Sasa wewe mwenye pikapu unayenisoma, kwako nani anasukuma? Kama hayupo, sukuma mwenyewe, kabla hujapakia.